Alibhai Mulla Jeevanjee: Mgeni Aliyeomba Kiti



Jumapili iliyopita kwenye ibada ya pili nilimtaja Jeevanjee kama dakika mbili hivi, nikapita. Baada ya ibada mama mmoja akanishika mkono pale mlangoni akataka kujua kama Jeevanjee ni mtu au ni ile bustani ya Nairobi. Ndugu mwingine yeye alitaka kujua ni kwa nini ninaleta habari za Mwislamu madhabahuni. Nimeona niwajibu wote wawili hapa, maana madhabahuni saa haikutosha.

Nianze na bustani. Nilipokuwa nasoma shahada ya biashara Nairobi, tulikuwa kikundi cha wanafunzi waliookoka, na saa ya chakula cha mchana tulikuwa tunateremka mjini kuhubiri Jeevanjee, kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu. Aliyefika pale anapajua. Wahubiri watatu wanne, kila mmoja na duara lake la watu, na sauti zinapishana. Wengine wamelala kwenye nyasi, koti limefunika uso. Wengine wameshika bahasha ya kaki yenye vyeti, wanasubiri simu ya kazi ambayo haiji. Watu waliokoka pale, mimi ni shahidi. Lakini nimehubiri mahali pale karibu miaka miwili bila kuuliza hata siku moja hilo jina ni la nani. Nilidhani ni jina la Mzungu fulani, au la duka.

Kumbe ni mtu wa hapa kwetu Mombasa. Ni hapa alipoanzia.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, wakati huo ikiwa India ya Waingereza, leo iko Pakistan. Alikuwa wa jamaa ya Mabohora, wale Waislamu wa Kishia ambao sisi tunawajua kwa kofia zao nyeupe zenye ukingo wa rangi ya dhahabu na kwa maduka yao ya vyuma na vioo kule kisiwani. Shule hakukaa sana. Biashara aliisomea njiani. Mwaka 1886 alikuwa Australia, katika mji wa Adelaide, akichuuza bidhaa za Mashariki. Mtu wa miaka thelathini, nchi si yake, lugha si yake, anabisha hodi kwenye milango ya watu na mzigo wake. Mwaka 1890 akaja Mombasa.

Hebu ifikirie Mombasa ya 1890. Hakuna daraja la Nyali. Kisauni, Likoni na Changamwe ni mashamba ya minazi na vijiji vya Wamijikenda na Waswahili. Mwambao wote kwa karatasi ni wa Sultani wa Zanzibar, na wanaouendesha ni kampuni ya Kiingereza iliyoitwa IBEA, iliyopewa hati na malkia mwaka 1888. Kampuni ile ilihitaji watu na vitu ambavyo haikuwa navyo, na Jeevanjee alikuwa na njia ya kuvipata Karachi. Akawa mtu wao wa kuwaletea. Mwaka 1895 kampuni ikashindwa na gharama, serikali ya Uingereza ikaichukua nchi, na mara ikaamua kujenga reli kutoka bahari hadi ziwa.

Hapa ndipo naomba mnivumilie kidogo, maana hapa mambo ya darasani yananiingia. Reli ile ilianza kutandikwa mwaka 1896, kutoka Kilindini, ikavuka maji pale Makupa, ikapanda Changamwe, ikaingia nyika ya Taru. Taru hakuna maji. Hakuna soko la kununua unga. Maelfu ya watu wanapiga sururu juani, na kila wanachokula karibu chote kinatoka ng'ambo kwa meli: mchele, dengu, samli. Sasa ni nani atakayetengeneza faida? Ni yule mwenye meli, mwenye ghala, na mwenye mtaji wa kutosha kungoja serikali ilipe. Wale mliowahi kupata tenda mnajua ninachosema. Kazi unafanya Januari, pesa unaiona Desemba, na katikati vibarua wako wanataka kula kila jioni. Wengi hufia katikati hapo. Jeevanjee hakufia. Alileta vibarua, alileta chakula, alichukua kandarasi za kupasua mawe na kujenga, na baadaye akawa na meli zake mwenyewe zilizokuwa zikisafiri kati ya India na pwani hii.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na ziwani, mahali tunapopaita leo Kisumu, mwishoni mwa 1901. Vibarua kutoka India waliofika kwa mkataba walikuwa karibu 32,000. Si wote walioletwa na Jeevanjee, serikali ilikuwa na mawakala wengine. Karibu 2,500 walikufa, na karibu 6,700 walibaki nchini mkataba ulipokwisha. Gawanya vifo kwa urefu wa reli utapata kama watu wanne kwa kila maili. Sisi wa Changamwe tukilala bado tunaisikia treni ya mizigo mara mojamoja kwenye reli ile ya zamani. Siwezi kuandika utajiri wa mtu huyu bila kuandika na hiyo hesabu kando yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20, hapahapa Mombasa, akaanzisha gazeti. Aliliita African Standard, likitoka kila juma, na akaajiri mhariri Mwingereza. Ndilo hilo The Standard mnaloliona kwa wauza magazeti, ambalo lenyewe linahesabu umri wake tangu 1902. Mwaka 1905 aliwauzia Wazungu wawili, nao wakaligeuza jina na mwaka 1910 wakalihamishia Nairobi. Likawa sauti ya masetla, ikipiga kelele miaka na miaka dhidi ya Wahindi, yaani dhidi ya Jeevanjee mwenyewe. Hii ni biashara ambayo sijaielewa hadi leo. Labda gazeti lilikuwa likila pesa, na kwa daftari la hesabu alifanya sawa kuliuza. Lakini kuna mali ambazo thamani yake haionekani kwenye daftari mpaka ziwe mikononi mwa mtu asiyekupenda.

Nairobi nako alifika mapema, wakati mji ni mahema na matope. Alijenga ofisi na nyumba, na nyingine serikali yenyewe ikawa mpangaji wake. Mwaka 1902 tauni ilipozuka, maduka ya Wahindi yakachomwa moto kwa amri ya wakubwa wa afya. Wafanyabiashara wakaanza upya. Jeevanjee alijenga soko lililoitwa kwa jina lake. Na mwaka 1906 akatoa kipande cha ardhi katikati ya mji, kama ekari tano, akakitengeneza bustani na kukikabidhi kwa ajili ya watu wa Nairobi kupumzika. Akaweka na sanamu ya Malkia Victoria, na mtoto wa malkia, Duke wa Connaught, ndiye aliyekuja kuizindua.

Ndugu aliyeniuliza habari za Mwislamu, jibu langu liko hapa, na liko kwenye Luka 7. Soma habari za yule akida wa Kapernaumu. Hakuwa Myahudi, alikuwa mgeni tena askari wa wakoloni, na wazee walimwombea kwa Bwana kwa sababu alikuwa amewajengea watu wa pale sinagogi. Sisi walokole tumehubiri miaka mingapi kwenye nyasi za Jeevanjee, na nani kati yetu amewahi kutaja jina lake katika maombi ya shukrani? Mimi sikuwahi.

Sasa tuje kwenye kiti.

Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1907. Gavana alikaa humo na maofisa wake na masetla aliowateua. Wahindi walikuwa wengi kuliko Wazungu nchini, walikuwa wanalipa kodi, wameshika biashara toka Mombasa hadi ziwani, na hawakuwa na mtu ndani. Waafrika hata hawakuhesabiwa kwenye mazungumzo. Mwaka 1909 Jeevanjee akateuliwa. Wa kwanza asiye Mzungu kuingia katika baraza lile, na akiwa peke yake. Mchuuzi wa Adelaide ameketi mezani na gavana.

Peke yake maana yake nini? Maana yake unaweza kusema lakini huwezi kushinda kura yoyote. Nyanda za juu zenye rutuba zilikuwa zimeshatengwa kwa Wazungu, Mhindi hata akiwa na pesa mkononi hapewi. Mijini mipango ilikuwa ya kuwatenga Wahindi na Waafrika kwenye mitaa yao. Jeevanjee aliona baraza lile halimsikii, akapanda meli, akaenda kulalamika London kwenyewe. Mwaka 1911 alikuwa ameshatoka kwenye baraza, na kwa miaka kadhaa hakuna Mhindi mwingine aliyewekwa mahali pake. Mwaka 1912 alichapisha kijitabu kule Bombay cha kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki, ili watu wa kwao wajue yanayowapata ndugu zao huku.

Lakini safari ile ya London ya mwaka 1910 ina jambo ambalo sitalificha, ingawa Jumapili sikulisema. Akizungumza na gazeti moja la kule, Jeevanjee alipendekeza nchi hii iunganishwe na himaya ya India, itawaliwe kutoka huko, ili Wahindi waje wakae na kuiendeleza. Nchi hii ni hii yetu. Hakwenda kuwauliza Wagiriama. Hakuwauliza Wakikuyu ambao ardhi yao ndiyo iliyokuwa ikigombaniwa. Mtu aliyejua vizuri uchungu wa kufungiwa mlango alikuwa tayari mlango ule ufunguliwe kwake, na watu waliozaliwa ndani ya nyumba wabaki uani.

Na angalia wakati wenyewe. Mwaka 1908, mwaka mmoja kabla hajapata kiti, serikali ilipitisha sheria ya hati za ardhi za Pwani. Kila mwenye madai ya ardhi kwenye mwambao aje ayasajili. Waliojua karatasi na mahakama walikuja, wengi wao Waarabu, Waswahili wa mjini na Wahindi. Wamijikenda wengi, ambao ardhi waliitumia kwa ukoo na si kwa karatasi, walijikuta hawana kitu mbele ya sheria. Neno skwota tunalolisikia kila siku Likoni na Kisauni lina mizizi humo. Nyumba ni yako, ardhi ni ya mwingine, na kila mwezi unalipa kodi ya mahali ulipozikwa kitovu.

Niliposoma mambo haya mawili yakiwa pamoja, sheria ya 1908 na maneno ya London ya 1910, nilifunga kitabu nikakaa kimya. Sababu mnaijua baadhi yenu, hasa mlio kwenye kamati ya ujenzi.

Mimi ni mtu wa bara. Nimekuja Mombasa kama wengi wenu, na begi moja. Tumeshawahi kuambiwa sisi ni wageni, turudi kwetu, na waliokuwa Likoni mwaka 1997 wanakumbuka kwamba maneno hayo yana mwisho wake. Nimelia mbele za Bwana nikiomba tuhesabiwe kama watu wa hapa. Tuliponunua kiwanja cha kanisa, palikuwa na nyumba moja ya makuti juu yake, ya mzee ambaye baba yake alizikwa chini ya mwembe ulioko pembeni. Hati ilikuwa safi. Mimi ndiye msomi wa kamati, mimi ndiye niliyeandika ile barua ya siku 30. Niliiandika vizuri sana, aya tatu na muhuri. Sikumtembelea mzee kwanza. Kisha jioni ileile nikaenda kwenye ushirika nikaombea wageni wakubalike Pwani.

Kwa hiyo sina mdomo mkubwa wa kumhukumu Jeevanjee. Namalizia habari zake.

Machi 1914 Wahindi wa Afrika Mashariki walikutana hapa Mombasa wakaunda kongresi yao, na Jeevanjee ndiye aliyekuwa rais wa kikao hicho cha kwanza. Sasa hakuwa tena mtu mmoja kwenye meza ya gavana, alikuwa na jamii nyuma yake. Mwaka 1915 sheria mpya ya ardhi iliwapa masetla hati za miaka 999 na kumpa gavana nguvu ya kuzuia ardhi isitoke kwa Mzungu kwenda kwa mtu wa rangi nyingine. Vita vya kwanza vikapita, nchi ikaitwa Koloni ya Kenya, na mapambano yakawa makali hadi baadhi ya masetla wakapanga njama ya kumteka gavana endapo London ingewapa Wahindi usawa.

Mwaka 1923 pande zote ziliitwa London. Jeevanjee akaenda na wajumbe wa Wahindi, umri ukikaribia miaka 70. Uamuzi ulitolewa na Duke wa Devonshire, Waziri wa Makoloni, na haukumfurahisha mtu. Nyanda za juu zilibaki za Wazungu. Wahindi walipewa viti vitano kwenye baraza, kwa kura ya kando na si ya pamoja, dhidi ya 11 vya Wazungu. Lakini Waraka ule ulisema na jambo la tatu ambalo hakuna aliyekuja London kulitafuta: kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika, na mambo yao yakigongana na ya wageni, ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia. Wengi wanasema Waingereza waliliandika hilo ili tu kuwakwepa Wahindi. Inawezekana. Hata hivyo liliandikwa, na waliokuja baadaye walilishika kama hati. Mwafrika wa kwanza kuketi kwenye baraza lile, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Miaka 35 baada ya Jeevanjee.

Yeye hakuiona siku hiyo. Alifariki Nairobi mwaka 1936, ana miaka 80, na mali nyingi ilikuwa imeshamtoka. Kampuni iliyolisha reli, meli, majengo, sehemu kubwa ilikwisha. Mtu anayefundishwa biashara anapenda kumaliza hadithi na mali ya marehemu, nami nilipotafuta sikupata cha kuhesabu isipokuwa ile bustani.

Na hiyo nayo nusura iende. Mwaka 1991, wakati ambapo viwanja vya umma Nairobi vilikuwa vikitoweka, palitokea mpango wa kuichimba bustani kwa ajili ya maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama. Wangari Maathai akasimama naye. Wakapiga kelele kwenye magazeti, wakakusanya watu, na mpango ukarudishwa kabatini. Baadaye mama huyo Zarina akaandika kitabu kizima juu ya babu yake. Sanamu ya malkia ilikatwa kichwa mwaka 2015 na watu wasiojulikana. Nyasi zipo. Wahubiri wapo, saa saba mchana, kila mmoja na duara lake, na kati ya wanaowasikiliza wamo Wagiriama, Wakikuyu, Waluo, hata Wahindi wawili watatu wanaopita. Hakuna anayeulizwa cheti cha kuzaliwa ili akae chini.

Wapendwa, kikao cha kamati ya ujenzi ni Alhamisi hii saa kumi na moja jioni. Nimemwomba mchungaji mzee wetu yule aalikwe, naye amekubali. Nilikwenda kwake Jumatatu, tukanywa chai chini ya mwembe, akanionyesha kaburi la baba yake. Nitaisoma barua yangu mbele yake, yote, kisha nitakaa na yeye atasema. Wanakamati tafadhali mje kwa wakati.